Sanduku la Mayai Lililokwenda Mpakani

Nyie mliobaki na funguo za chumba cha mashine mmeniomba niandike jinsi tulivyofika kupeleka mayai ya kuangulia hadi mpakani, kaskazini-mashariki, wakati kila mwenye miguu alikuwa akikimbia kutoka huko. Nitaandika. Lakini kama mnatarajia kusoma nilipandishwa cheo lini na nani alitia saini, fungeni daftari hili sasa mkawape kuku maji. Vyeo vilikuja na kupita kama mvua ya saa tisa hapa Kakamega, na mvua hiyo haikumbukwi na mtu ila yule aliyekuwa ameanika mahindi.

Nilianza kazi kwenye chama chetu cha wafugaji nikiwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, viatu nimevipiga rangi hadi naona meno yangu. Chumba cha mashine kilikuwa pale pale kilipo leo, nyuma ya ghala la chakula cha kuku, ila mashine ilikuwa moja tu, ya mbao, inayotumia mafuta ya taa. Chama kilikuwa na hati ya kuinunua, lakini mashine yenyewe ilimtii mtu mmoja, Mzee Alfayo Shisia. Siku ile ya kwanza hakuniuliza jina. Alichukua yai kutoka ndani ya mashine, akanipa.

"Funga macho," akasema. "Weka hapo kwa kope. Umesikia nini?"

"Joto, mzee."

"Joto ya mtu mzima ama joto ya mtoto mwenye homa?"

"Ya mtu mzima."

"Basi iko sawa. Hiyo kipimajoto yenu inaharibikanga. Jicho haiharibiki mpaka mwenyewe azikwe."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Leo mna kioo kinachowaonyesha joto kwa namba nyekundu, na nafurahi kwa ajili yenu, lakini stima ya hapa mnaijua. Ikipotea, kope mnazo.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa ambalo ni msichana aliyelelewa vizuri tu anayeweza kulifanya. Mayai yaliletwa kutoka kwa wafugaji wa Malava na Chekalini yakiwa na matope na manyoya. Kwetu, yai la kumpa mgeni huoshwa. Basi Mzee Alfayo alipokwenda kula, mimi nikachota maji ya vuguvugu nikayaosha yote, yakang'aa, nikayapanga, nikakaa kungoja sifa. Aliporudi aliyatazama, akaketi chini, akashika kichwa. Yai lina utando wake unaozuia uchafu usiingie. Ukiliosha umelivua nguo. Siku ya kumi na moja yalianza kupasuka ndani ya mashine, moja baada ya jingine, na harufu ile ilikaa kwenye nywele zangu mpaka kanisani. Jirani yangu wa kwaya alihamia sauti ya tatu.

Mzee hakunifukuza. Alinifundisha. Penseli, kamwe si kalamu ya wino, kwa sababu wino huingia. Upande mmoja wa yai andika X, upande wa pili O, ili ujue umeligeuza. Sehemu butu juu, iliyochongoka chini, maana kifaranga hupumulia juu. Siku saba, mulika kwa tochi. Kama huoni mishipa, toa. Siku ya kumi na nane, acha kugeuza, toka, funga mlango, mwachie Mungu na kuku.

Kulikuwa na sheria moja tu ambayo hakunipa sababu yake. Mayai yaliyofika kwa baiskeli kutoka mbali aliyaweka kwenye rafu mpaka kesho yake, hata kama mashine ilikuwa tupu na wateja wanapiga kelele mlangoni. Nilipouliza, alijibu, "Ni wageni." Nikacheka, nikijua ni utani wa wazee, au uvivu uliovaa kofia. Alipostaafu akarudi kwake Isecheno, kando ya msitu, mimi nikawa mkubwa wa chumba. Ikaja mashine ya stima, ikaja lami, mayai yakaanza kuletwa kwa pikipiki bila kutikisika sana. Nikaifuta ile siku ya rafu. Vifaranga wakaanguliwa vizuri tu, nami nikajiona nimemzidi mwalimu wangu. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Halima alikuja Kakamega na ziara ya akina mama wafanyabiashara. Wenzake walikwenda kutazama viwanda vya sukari nguru kule Kabras. Yeye alibaki mlangoni kwangu, shungi lake refu la kahawia limejaa manyoya ya vifaranga, akiuliza maswali. Alikuwa mjane, anatoka mji mmoja wa mpakani. Sitautaja kwa jina. Una watu wake, na wamechoka kusikia jina la kwao likitajwa kwa mabaya tu. Ng'ambo ya mpaka ule kulikuwa na nchi ambayo serikali yake ilionekana zaidi redioni.

"Watu wako wanakulanga kuku kweli?" nilimuuliza.

Akacheka. "Kwetu ndege si nyama, dada. Nyama ni ngamia, nyama ni mbuzi. Lakini tuko na walimu wa kwenu, tuko na manesi. Kila Jumapili wanalia kuku. Mimi nataka niwanyamazishe."

Hiyo ndiyo biashara, nyie vijana. Alikuwa amewaona watu wanaolia, akaenda kutafuta wanacholilia. Tukaanza kumpelekea vifaranga wa siku moja. Kifaranga akianguliwa huwa na akiba ya kiini tumboni, anaweza kukaa hadi siku tatu bila kula wala kunywa. Safari ya basi mpaka kwa Halima ilikuwa siku mbili. Tulitoboa makatoni, tukatandika nyasi kavu, tukayapeleka ofisi ya vifurushi. Yalifika yakipiga kelele, na abiria walilalamika, lakini yalifika. Halima akawaingiza akina mama wengine sita. Walimu wetu wakala kuku, na mmoja aliniandikia kwamba sasa anaweza kustahimili hata jua la kule.

Halafu magari yakaanza kushambuliwa kwenye barabara ile.

Sitasimulia waliouawa; wengine wamezikwa kilomita chache kutoka hapa ninapoandika, na mama zao wananijua. Nitasimulia kile nilichokiona mimi kwenye kazi yangu, kwa sababu wasomi wakizungumza juu ya ugaidi na biashara huanza na bomu. Bomu sikuwahi kulisikia. Nilichosikia ni ukimya. Walimu walipanda mabasi ya kwanza waliyoyapata wakarudi nyumbani, na kwa siku moja Halima akapoteza karibu wateja wake wote. Mabasi yakaacha kwenda. Malori yaliyobaki yakawa yanasafiri kwa msafara wenye askari, na msafara husubiri askari, na askari husubiri amri, na kifaranga hasubiri mtu. Nguzo za simu zikalipuliwa, kwa hiyo hata kumuuliza Halima kama yu hai haikuwezekana. Fundi wa friji akahama. Daktari wa mifugo akahama. Hakuna aliyechoma banda la Halima wala kumgusa yeye, lakini kila mtu aliyeshikilia ncha ya biashara yake aliiachia.

Na hapa mjini kwetu, maneno. Mtu anayetusi Wasomali sokoni asubuhi, mchana anakwenda kununua shuka kwa duka la Msomali. Mwenyekiti wa chama chetu, ambaye nitamwita Mwenyekiti tu kwa kuwa bado tunasalimiana, aliniita ofisini.

"Madam Benadeta, hii maneno ya kaskazini tuachane nayo. Hao watu huwezi kujua nani ni nani."

Mngependa niseme nilisimama nikamjibu. Sikumjibu. Nilisema sawa. Binti ya jirani yangu alikuwa amerudi kutoka huko na hata mlango ukigongwa alijificha chini ya meza, nami nilikuwa na woga wangu, na ndani ya ule woga kulikuwa na kitu kibaya zaidi: kwa muda fulani nilijiuliza kama Halima naye anawajua wale waliofanya hayo. Mwanamke aliyecheka mlangoni kwangu na manyoya kwenye shungi! Makatoni mawili ya mwisho yalikuwa yameshaondoka na msafara. Sikuuliza yalifikaje. Nilikaa wiki nyingi bila kuuliza. Naona aibu hata leo, na nimeamua iandikwe.

Jibu lilikuja bila mimi kuuliza. Barasa, dereva wa lori la mahindi ambaye bado alikwenda mpakani na msafara, mtu wa Lugari mwenye domo kama la redio, alishuka kwenye lori lake akanipa kipande cha katoni. Kilikuwa cha katoni letu wenyewe, lenye matundu niliyoyatoboa kwa mkono wangu. Upande wa ndani Halima alikuwa ameandika kwa penseli: "Vifaranga walikaa kwa msafara siku tano. Wote wamefika wamekufa. Nimewazika mimi na akina mama. Wawili kati ya wale sita wamekwenda kupanga foleni ya chakula cha msaada, wanne wanangoja niseme kitu. Bado niko na kuku wazima kumi na nane. Mimi sijahama. Wewe umehama?"

Nilikisoma nimesimama kati ya ghala na choo, nikalia, na Barasa akanitandikia gunia tupu niketi.

Jumapili nilikwenda Malava kwa mama yangu. Alikuwa jikoni anasonga obusuma, ugali wetu, na kwenye kona ya jiko, ndani ya ungo uliotobokatoboka, kuku alikuwa analalia mayai. Nikamuuliza kuku ni wa nani, maana sikumtambua.

"Kuku ni wangu, mayai ni ya Mama Ayub," akasema. "Wake hakutaka kukaa. Wakianguliwa, tutagawana nusu kwa nusu."

Desturi hii mnaijua wote. Sijui nyumba ya huku isiyoijua. Kuku wangu, mayai yako. Nilikuwa nimeiona tangu utotoni, nikafanya kazi miaka yote ile kwenye mashine, na sikuwahi kuifikiria kama kitu cha kazini. Niliacha obusuma ukapoa. Kifaranga ana siku tatu, lakini yai likikaa mahali pa baridi lina wiki nzima na zaidi. Msafara usubiri askari wake. Halima ana kuku kumi na nane, na lazima wako wanaotaka kulalia. Yeye kuku, sisi mayai.

Mwenyekiti alinisikiliza akiwa ameegemea kiti chake. "Sanduku moja," akasema mwishowe. "Ikikataa, jina la huyo mama nisilisikie tena hapa."

Tatizo lilikuwa joto. Kule kwa Halima, yai likiachwa kivulini tu huanza kujiangua lenyewe nusu nusu, kisha linakufa. Tulijaribu vumbi la mbao, likawa zito. Ndipo nikakumbuka makapi ya miwa yanayorundikwa nje ya viwanda vya nguru kule Kabras. Ni makavu, ni mepesi, na hakuna anayeyalilia. Tulitengeneza sanduku la mbao, trei za mayai katikati, makapi pande zote, na nje tukalizungushia gunia la katani lililoloweshwa. Upepo ukipiga gunia bichi, ndani panapoa. Barasa alipewa mtungi na amri ya kunyunyiza kila kizuizi cha polisi.

"Sasa mimi ni padri," alisema. "Nitakuwa nabatizanga sanduku njia yote, na askari wananiangalia."

"Batiza," nikamwambia. "Ukifika kavu, usirudi Kakamega."

Alirudi baada ya mwezi na zaidi. Sanduku lilifika zima, bichi. Kati ya trei mbili, mayai sitini, walianguliwa vifaranga saba. Saba! Halima aliandika kwenye trei kwa penseli, bila lawama: "Niliyaweka mayai chini ya kuku saa ile ile yalipofika, ili yasichelewe. Nilikosea wapi?"

Sikujua. Miaka yote ile kazini, na sikujua. Nilipanda bodaboda hadi Isecheno, nikamkuta Mzee Alfayo ameketi nje, macho yamefifia, anachambua maharagwe kwa vidole. Tulisalimiana mulembe, nikamweleza yote tangu mwanzo: barabara, msafara, sanduku, makapi ya miwa. Makapi yalimfurahisha sana. Nilipofika kwa wale saba, aliacha maharagwe.

"Aliwaweka saa ile ile?"

"Saa ile ile, mzee. Asiwacheleweshe."

"Na wewe huku kwa chumba yangu, bado unawaachanga kwa rafu mpaka kesho?"

Nikashika maharagwe aliyoyaacha, nikaanza kuyachambua.

"Mwana," akasema polepole, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa wewe mgeni anatoka safari, bado ako na vumbi kwa miguu, unamshikisha jembe mlangoni?"

Halafu akanieleza lile ambalo sikuwahi kungoja kuelezwa. Ndani ya yai, kwenye ule upande butu, kuna mfuko wa hewa. Safari ikilitikisa yai, mfuko unalegea, unatangatanga. Ukilipa joto kabla haujatulia, kifaranga anakosa mahali pa kupumulia. Liache limesimama, butu juu, mchana na usiku mzima, mfuko urudi mahali pake, ndipo ulipe kazi. Lami na pikipiki zilikuwa zimenifichia ujinga wangu, kwa kuwa safari za hapa ni fupi. Ilibidi mayai yavuke nusu ya nchi, chini ya ulinzi wa bunduki, ndipo nijue kwamba mzee hakuwa anatania.

"Halafu nilikuambia ni wageni," aliongeza, akirudia maharagwe yake. "Ulidhani nini?"

Mwenyekiti alikuwa amesema sanduku moja. Nilikwenda ofisini kwake na safari hii nilisimama. Nilimwambia kwamba lile sanduku la kwanza halikushindwa kwa sababu ya barabara wala kwa sababu ya Wasomali, lilishindwa kwa sababu yangu, na kwamba la pili nitalijaza kwa mayai ya kuku wangu mwenyewe, yasiwe ya chama. Na yakikataa, nitatoka kwenye chumba cha mashine, funguo nimpe. Nadhani alikuwa akitafuta mtu mwingine anayeweza kukaa na mashine zile, akamkosa. "Peleka," akasema.

Juu ya kila trei niliandika kwa penseli, herufi kubwa: HAWA NI WAGENI. SIKU YA KWANZA WAPUMZIKE, BUTU JUU. KESHO YAKE WAPEWE KAZI. Chini yake, herufi ndogo, nikajibu swali lake la zamani: Nilikuwa nimehama. Nimerudi.

Barasa akaondoka na mtungi wake.

Kungoja bila simu ni kazi, na haina mshahara. Nilipiga hesabu kwenye kalenda ya ukutani: safari siku kadhaa, msafara, siku moja ya kupumzika, siku ishirini na moja chini ya kuku, kisha Barasa apate mzigo wa kurudi. Niligeuza mayai ya hapa nikiwa nawaza ya kule. Redio ilisema kuna shambulio jingine, ikataja barabara, nikaacha chakula. Nilimwonea huruma Halima, na nilimwonea huruma Barasa, na sitajifanya mtakatifu, nilizionea huruma funguo zangu pia. Nilikuwa naupenda ule mlango.

Lori liliingia saa nne asubuhi, siku ya soko. Nilisikia honi kutoka barabarani, ndefu, isiyokatika, na nikajua ni habari njema, kwa sababu Barasa hakuwa mtu wa kutangaza msiba kwa honi namna ile. Alishuka amebeba trei mbili tupu juu ya kichwa. Kwenye kila shimo la trei, pale yai lilipokuwa limekaa, Halima alikuwa ametia alama ya vema kwa penseli kama kifaranga alianguliwa. Nikaiweka trei ya kwanza juani. Vema, vema, vema, safu nzima. Safu ya pili, vema. Nilitafuta mashimo yasiyo na alama nikayapata matatu. Trei ya pili, manne. Pembeni ameandika: "Walipumzika. Akina mama wawili wamerudi."

Nilipiga kigelegele ambacho kilitoa watu benki. Akina mama waliokuwa wanauza mboga mbele ya ghala wakaitikia bila kujua tunashangilia nini, na hiyo ndiyo raha ya kuwa Kakamega. Mwenyekiti alitoka ofisini, akaishika trei, akaihesabu mwenyewe kwa kidole, kisha akasema anataka kujua kwa nini tunapeleka sanduku moja moja tu kama wezi.

Mtaniuliza, na walimu wamehama, aliwauzia nani? Nilimuuliza hivyo hivyo simu ziliporudi. Akacheka kicheko chake kile cha mlangoni. Malori ya chakula yalipopungua na soko la mifugo likafungwa mara kwa mara, nyama ilikuwa haba, na kliniki ilikuwa inawaambia kina mama wawape watoto yai. "Dada, wazee bado wanasema ndege si nyama," aliniambia. "Lakini mtoto aliyezaliwa juzi hajui hiyo habari." Alikuwa amepata wateja ambao hawangepanda basi kukimbia, kwa sababu walikuwa kwao.

Hilo ndilo somo la kazi ninalotaka mlibebe. Waliokuwa wanatega barabara walitaka mji ule ubaki bila mwalimu, bila gari, bila simu, ili yeyote atakayebaki apige magoti. Biashara iliyotegemea wageni wa kupita ilikufa kweli, na nyingine nyingi nzuri zilikufa nayo. Sitawadanganya kwamba ujasiri peke yake unajaza friji. Lakini ile iliyoweza kungoja, iliyohitaji vitu vichache kutoka mbali, na iliyokuwa na mtu upande wa pili anayejibu, ilisimama. Baadaye miji mingine mitatu ya njia ile ilitaka mayai, na chama kikanunua mashine ya pili, ile mnayoipigapiga teke ikigoma. Kila mtu hapo chumbani akaanza tena kuacha mayai kwenye rafu mpaka kesho, hata yale ya pikipiki. Mzee Alfayo aliishi kuliona hilo. Nilimpeleka kwa mkono, akaipapasa rafu, akasema nimechelewa lakini nimefika.

Siku yangu ya kuaga mlikuwepo, kwa hiyo mnajua hotuba zilikuwa ndefu. Mnajua pia kwamba ingokho, yaani kuku, walichinjwa na kijana wa bucha ya Waislamu ili wageni wote wale kwa amani, na kwamba imondo, firigisi ambayo kwa mila zetu huwekewa mwanamume wa heshima, ilipofika mbele ya Mwenyekiti aliitazama, akainuka, akaja kuiweka kwenye sahani yangu mbele ya watu. Wazee wawili walikohoa. Nikaila yote, bila haraka.

Lakini wengi wenu mlikuwa mmeanza kupakua chakula wakati lori la Barasa liliposimama langoni, na hamkuona aliyeshuka. Alikuwa Halima, shungi lake jeusi safari hii, amekuja barabara ile ile, siku zote zile, na mikononi amebeba sanduku la mbao lililofungwa gunia la katani. Gunia lilikuwa bichi. Tulikumbatiana sanduku likiwa katikati yetu, maji yakanichuruzika kwenye gauni jipya, sikujali.

Nikafungua. Trei moja, mayai thelathini ya kuku wa mpakani, wajukuu na vitukuu wa yale ya kwangu. Kila moja lina X na O. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, mayai ya kuangulia yalikuwa yametoka kule yakaja kwetu.

Nikachukua trei nikaelekea chumba cha mashine, haraka, kwa mazoea. Halima akanishika mkono.

"Wewe," akasema, "soma kwanza."

Kwenye ukingo wa trei, kwa penseli, herufi kubwa: HAWA NI WAGENI.

Nikayaweka kwenye rafu, butu juu, nikafunga mlango, na tukaenda kula. Siku ishirini na mbili baadaye, nikiwa mstaafu asiye na funguo, niligonga mlango ule mnifungulie kama mgeni mwingine yeyote. Mlinifungulia. Nilichukua penseli, nikatia vema kwenye trei, shimo moja baada ya jingine, ishirini na sita, kisha nikampa Barasa aipeleke. Pembeni nimeandika neno moja tu, Halima atalielewa: Sijahama.